Kuwapokea wastaafu wanaokimbia baridi: mwongozo wa mwenyeji wa Mwanza

Kila ikifika Oktoba maswali ni yaleyale. Wakwe wa binti aliyeolewa Ujerumani, au rafiki wa zamani wa familia na mkewe, wamestaafu, wamechoka na theluji, na wamesema watakuja Mwanza Desemba mpaka Februari. Mwenyeji anauliza: viza wanaipataje? Walale wapi? Maji ya ziwa wayaoge? Serengeti tuwapeleke lini?

Mwongozo huu ni wako wewe unayewapokea. Umeandikwa kwa kudhani kwamba wageni wana miaka 65 na kuendelea, na kwamba watakaa wiki nne hadi kumi na mbili, nyumbani kwako au kwenye nyumba mtakayowapangia. Mgeni wa siku tatu huvumilia chochote. Wa siku sabini anahitaji choo anachoweza kukiinukia.

Viwe tayari kabla hujaanza

- Nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti zao. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia nchini.
- Orodha ya dawa wanazomeza kila siku, kwa jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara ambalo mfamasia wa hapa huenda halijui.
- Chumba cha chini kisicho na ngazi, chenye choo cha kukaa ndani au hatua chache kutoka mlangoni.
- Chandarua chenye dawa cha kitanda cha futi 6 kwa 6. Cha 4 kwa 6 hakitatosha watu wawili.
- Akiba ya maji: tangi, au madumu ya kutosha siku mbili.
- Taa mbili za kuchaji na adapta mbili za umeme. Plagi zetu ni za miguu mitatu bapa, zao ni miwili ya mviringo.
- Namba ya dereva mmoja unayemwamini, mwenye gari ambalo mlango wake wa nyuma unafunguka vizuri.
- Makubaliano ya nani analipa nini. Hili wenyeji wengi wanaliona haya, halafu linawatesa mwezi wa pili. Andikeni mapema: chakula, umeme, mafuta ya gari, dada wa kazi. Wazungu wastaafu huishi kwa pensheni ya kiasi kilekile kila mwezi na wengi wao hupenda kuelezwa waziwazi kuliko kukisia.

Hatua ya 1: Pangeni tarehe kwa kuangalia mvua, na kwa kuhesabu siku

Desemba Mwanza bado kuna vuli. Januari na Februari mvua hupungua, ingawa haikatiki kabisa, na Machi masika huanza. Mgeni anayetaka jua aje baada ya Krismasi. Anayetaka kula sikukuu na familia aje mapema, lakini ajue barabara za mtaani zitakuwa na tope.

Waambie pia kwamba Mwanza si Dar. Tuko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana ni nyuzi 27 au 28 na usiku hushuka hadi 17 au 18. Sweta moja jepesi kwa kila mtu linatosha. Kosa la kawaida ni kubeba nguo za ufukweni tupu, kisha usiku wa tatu mama anaomba blanketi.

Viza ya kawaida ya utalii haizidi siku 90, na zinahesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Kuanzia Desemba mosi hadi Februari 28 ni siku 90 kamili. Anayekata tiketi ya kurudi Machi mosi amejitafutia faini. Acheni nafasi ya siku nne au tano, maana ndege huahirishwa.

Hatua ya 2: Viza

Huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ada ni dola 50 kwa mataifa mengi. Wamarekani hulipa dola 100 na hupewa ya kuingia mara nyingi. Waombe wiki sita kabla ya safari, wapakie picha na pasipoti zinazosomeka, na waweke anwani yako na namba yako ya simu kama mwenyeji.

Angalizo la kwanza: anwani halali huishia na .go.tz. Ziko tovuti za mawakala zinazofanana nayo sana na zinatoza maradufu. Wazee huangukia huko kwa sababu hubofya jibu la juu kabisa wanapotafuta.

Angalizo la pili, na hili ndilo huleta matatizo Mwanza: viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Mwalimu mstaafu akiona shule ya jirani atatamani kufundisha Kiingereza asubuhi mbili kwa wiki. Nia ni njema, lakini bila kibali ni kosa, na wewe mwenyeji utaulizwa. Atembelee, asalimie watoto, asishike chaki.

Wakifika uwanja wa ndege, wasome muhuri palepale dirishani. Ofisa huandika idadi ya siku kwa mkono, na zikiwa pungufu ni rahisi kurekebishiwa pale kuliko baadaye.

Hatua ya 3: Waende kwa daktari wao wiki nane kabla

Hapa wenyeji wengi husema "watakuja tu, dawa zipo". Dawa zipo, ila mambo manne yanamalizwa hukohuko.

*Homa ya manjano.* Cheti hudaiwa kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyepita huko akakaa uwanjani zaidi ya saa 12. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo. Chanjo ni ya virusi hai, na kuanzia miaka 60 madhara makubwa, japo ni nadra, hujitokeza zaidi kuliko kwa vijana. Basi kama daktari wao anasita, njia rahisi ni kukata tiketi inayopitia Doha, Istanbul au Amsterdam badala ya kulala Nairobi au Addis Ababa. Chanjo ikichomwa, cheti huanza kufanya kazi baada ya siku 10.

*Malaria.* Kanda ya Ziwa haina mzaha. Kidonge cha atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku, na huendelezwa siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huendelezwa wiki 4 baada ya kuondoka, na hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Kwa mzee mweupe anayependa kukaa barazani, hilo si jambo dogo.

*Dawa za kila siku.* Wabebe za safari nzima pamoja na akiba ya wiki mbili, ndani ya maboksi yake, na barua ya daktari. Zote ziwe kwenye begi la mkononi. Sanduku likipotea, soksi zitanunuliwa sokoni Makoroboi. Dawa ya moyo ya aina yake huenda isipatikane upesi.

*Bima.* Iwe inalipia matibabu na kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali kubwa au kurudishwa kwao. Wasome vipengele viwili: ukomo wa umri, na magonjwa waliyokuwa nayo tangu zamani. Bima isiyogusa presha aliyonayo mtu miaka 15 ni karatasi tu. Kama mnapanga kuvuka Zanzibar, kule tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni, hata kama ana nyingine.

Hatua ya 4: Andaa chumba na choo

Mwanza ni mji wa mawe, na nyumba nyingi nzuri zimepanda mlimani. Unachokiona wewe ni mandhari ya ziwa. Mwenye goti la chuma ataona ngazi 60 zisizolingana, hazina mshikio, zinateleza mvua ikinyesha. Kama nyumba yako iko huko juu, fikiria kuwapangia nyumba sehemu tambarare: Kirumba, Nyamanoro, Pasiansi, au zile nyumba za Capri Point ambazo gari hufika mlangoni. Kabla hujalipa, panda na kushuka mwenyewe ukiwa umebeba ndoo ya maji, usiku. Ukiyumba, wao wataanguka.

Chooni fanya mambo matatu. Funga bomba la chuma ukutani kando ya choo, kimo cha kiwiko cha mtu aliyekaa, na fundi alitie boliti ndefu ndani ya tofali, siyo misumari. Weka mkeka wa mpira sakafuni penye bafu. Acha taa ndogo ya kuchaji ikiwaka usiku kucha, kwa sababu wazee huamka kukojoa mara mbili au tatu na umeme hukatika bila kupiga hodi.

Kitanda kiwe cha kimo cha goti au juu kidogo. Godoro gumu ni zuri kuliko laini. Chandarua cha pembe nne ni bora kuliko cha duara, maana cha duara humgusa aliyelala pembeni na mbu humuuma kupitia tundu. Pindo lake liingie chini ya godoro pande zote kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni.

Maji ya kunywa: kwa watu wawili kadiria lita 6 kwa siku, kwa hiyo dumu la lita 20 huisha siku ya nne. Yachemshwe hadi yatokote dakika moja kamili, au yawe ya chupa. Kosa lisiloonekana ni barafu, pamoja na kuswakia maji ya bomba. Weka jagi la maji safi kwenye sinki, tatizo limeisha.

Mwisho, mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwamba una wageni na watakaa hadi lini. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 5: Kuwafikisha

Ndege nyingi kutoka Ulaya hutua Dar es Salaam au Kilimanjaro, nyingine usiku. Walale usiku mmoja hapo, kisha wachukue ndege ya ndani mchana wake. Dar hadi Mwanza ni kama saa moja na nusu angani. Basi ni kutwa nzima na zaidi, na damu huganda miguuni kwa mzee aliyekaa hivyo. Hata kwenye ndege ndefu wavae soksi za kubana na wasimame kila baada ya saa mbili.

Kagueni uzito wa mizigo wa ndege ya ndani. Mara nyingi ni kilo 15 hadi 23, wakati ile ya Ulaya huenda iliwaruhusu zaidi. Na wasije na mifuko ya plastiki ya kubebea: imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Uliza muda kwa tarakimu za saa 24. Ukimwambia Mjerumani "dereva atakuja saa mbili", atamngoja saa nane mchana. Mwandikie 08:00.

Hatua ya 6: Siku tatu za mwanzo, msifanye kitu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Familia nzima imejipanga, ng'ombe amechinjwa, kwaya inakuja. Wageni wako hawajalala siku mbili na miguu imevimba. Siku ya kwanza wape chai, uji au supu nyepesi, na usingizi. Siku ya pili watembee nusu saa asubuhi kabla ya saa tatu. Siku ya tatu ndipo watu waje kusalimia, kwa zamu.

Jua la ziwani linadanganya. Upepo ni wa baridi, mtu hahisi joto, na jioni shingo imekuwa nyekundu kama nyanya. Kofia pana, mikono mirefu, na kati ya saa tano na saa tisa wawe kivulini.

Wafundishe salamu mapema. Watoto watawaamkia "shikamoo" na jibu ni "marahaba". Wageni wengi kwa adabu hujibu "shikamoo" kwa mtoto wa miaka sita, na mtaa mzima hucheka wiki nzima. Ongeza "mwangaluka" ya asubuhi, Wasukuma watawapenda. Na waeleze kwamba kuitwa "mzee" au "bibi" hapa ni heshima. Kwao neno hilo huuma.

Chakula kianze na sato wa kuchoma au wa mchuzi, wali, ndizi, mchicha uliopikwa. Kachumbari ingoje hadi uone imeoshwa na nani. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vya kuonja, siyo vya kushiba siku ya kwanza: tumbo lisilozoea litajaa gesi.

Hatua ya 7: Fedha na simu

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo waende dukani wenyewe. Mashine nyingi za fedha hutoa hadi shilingi 400,000 kwa mara moja, na kwa kuwa noti yetu kubwa ni ya 10,000, hayo ni makaratasi 40. Waje na mkoba mpana. Dola ziwe mpya na safi, maana noti za zamani na zilizochanika hukataliwa. Tangu mwaka 2025 kanuni zinazuia kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo anayeng'ang'ania dola kwa huduma ya kawaida mkatalie.

Hatua ya 8: Ziwa

Watataka kuogelea. Maji yanang'aa, watoto wanaruka kutoka kwenye mawe, na mzee amevaa bukta tayari. Jibu ni hapana.

Kichocho kiko Ziwa Victoria kwa wingi, hasa cha tumbo. Konokono hukaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Kutumbukiza miguu kunatosha. Kujikausha kwa taulo si kinga ya kutegemea. Wanaotaka kuogelea waende kwenye bwawa la hoteli lenye dawa.

Kama nyumba mnayowapangia huvuta maji ghafi ya ziwa, yakae ndani ya tangi lililofunikwa siku mbili ndipo yaogewe, au yachemshwe. Vijidudu hivyo bila mwili wa kuingia hufa.

Boti ni sawa kwa sharti moja: kila mtu avae boya, lifungwe kifuani, siyo kukaliwa kama mto. Radi za ziwa hili hujijenga zaidi usiku na alfajiri. Ukiona wingu jeusi upande wa maji au ukisikia ngurumo, subirini, hata kama nahodha anasema ni karibu.

Hatua ya 9: Matembezi, kutoka mafupi kwenda marefu

Wiki ya kwanza: Mwamba wa Bismarck jioni, Mwaloni Kirumba asubuhi kuona dagaa na sangara, na Kisiwa cha Saanane. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti huondokea Capri Point na safari ni ya dakika chache. Pimbi, swala na mijusi wa rangi watawaona bila kutembea mbali. Njia zina mawe, kwa hiyo viatu vya kufunga na fimbo. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au namba ya malipo, si taslimu.

Wiki ya pili: Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, kuona makumbusho ya Wasukuma. Wakiuliza ngoma za Bulabo, ni za Juni, watazikosa.

Serengeti iwe wiki ya tatu. Lango la Ndabaka liko takriban kilomita 140 kutoka Mwanza, lami hadi langoni. Lakini semeni ukweli: kati ya Desemba na Machi nyumbu wengi wako kusini, upande wa Ndutu, ambako huzaa Februari. Ukanda wa magharibi unaoanzia Ndabaka huwapata nyumbu kuanzia Mei. Kwa hiyo ziara ya siku moja kupitia Ndabaka itawaonyesha twiga, viboko na mamba wa Grumeti, siyo mafuriko ya nyumbu waliyoyaona kwenye televisheni. Wanaoyataka hayo walale porini usiku mbili au zaidi. Simamisheni gari kila baada ya saa mbili, na mto mdogo nyuma ya kiuno cha kila mzee.

Rubondo, kisiwa chenye hifadhi ya taifa, ni ya wanaopenda utulivu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kungoja kivuko. Mnapita Sengerema na Geita, kisha boti kutoka Nkome au Kasenda.

Mambo yakienda kombo

*Homa, hata ndogo, hata kama anameza kinga.* Kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya malaria bila kupima, na usingoje asubuhi. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Sekou Toure iko mjini kati. Beba pasipoti, karatasi ya bima na fedha za kuanzia, kwa sababu bima ya nje mara nyingi hurudisha baadaye.

*Kuhara.* Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kama anameza vidonge vya presha vinavyokojoza, mpigie daktari siku hiyo: hukauka maji upesi, figo huumia. Damu kwenye choo au homa juu yake, hospitali.

*Umeme umekatika na kuna insulini.* Usiifungue friji. Umeme ukichelewa, weka insulini ndani ya kichungu kidogo, kichungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Usiikimbize kwenye barafu, ikiganda imeharibika.

*Mashine imemeza kadi.* Ndiyo maana watoe fedha saa za kazi, kwenye mashine iliyo ndani ya benki. Na kila mmoja awe na kadi yake, zisikae mkoba mmoja.

*Majirani wanaomba ada na mitaji.* Mgeni asijibu mwenyewe. Mkubaliane mapema jibu moja: "Ongea na mwenyeji wangu." Ubebe wewe lawama, utaishi nazo.

*Mama analia siku ya kumi.* Hutokea, na si ugonjwa. Amechoka kutazamwa. Mpe siku nzima bila mgeni, na kiti peke yake barazani.

*Waliingia majini kabla hujawaonya.* Andika tarehe. Kipimo cha kichocho hufaa wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji, mara nyingi watakuwa wamesharudi kwao. Dawa ipo, ni prazikwanteli.

Hatua ya 10: Wiki ya mwisho

Waandikie kwenye karatasi watakayoibandika jikoni kwao: vidonge vya malaria viendelee kwa siku zilizopangwa, na homa yoyote ndani ya mwaka mmoja wamwambie daktari kwamba walikuwa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Daktari wa kule akiona homa Februari atafikiri mafua.

Yale makoti mazito waliyofika nayo, uliyoyatundika kabatini tangu Desemba, yatoe siku tatu kabla na uyaanike, maana unyevu wa ziwa huyaotesha ukungu kwenye kola. Siku ya safari wayabebe mkononi, yasiingie kwenye sanduku. Watakapotoka nje ya uwanja kule kwao, sanduku likiwa limechelewa, bado ni nyuzi sifuri.